Wadau wa Mtwara Kuchele, kitu gani kuhusu meli ya Titanic kimewahi kukushangaza? Ya Jack na Rose wa kwenye filamu tuyaache

Mwana Chikongola:
Habari za jioni wakuu, poleni na joto. Kijiweni kwetu ubishi wa Simba na Yanga uliisha mapema tukahamia kwenye Titanic. Mzee mmoja alikuwa anasimulia zile meli za Dar kuja Mtwara enzi daraja la Mkapa halijajengwa na masika barabara haipitiki, watu wanalala juu ya mizigo, kuku huku magunia kule, basi dogo mmoja akadakia "si ndo maana Titanic ilizama". Vurugu ikaanzia hapo. Mmoja anasema aliyeijenga alitamba hata Mungu hawezi kuizamisha, mwingine anasema ilizamishwa makusudi kwa ajili ya bima, mwingine anasema barafu inasingiziwa tu, kilichoimaliza ni moto. Mimi najua ile ya shuleni, 1912, iligonga barafu, watu kama 1,500 wakafa. Naombeni wenye kujua mshushe vitu ambavyo mtu wa kawaida havijui, vyenye ukweli, sio vya kuforwadiwa wasapu. Hilo la Mungu nalitaka kwa haraka maana tumewekeana dau la soda.

Ticha Ligula:
Hilo la Mungu mkuu kila mwaka nalisikia kwenye spika za mahubiri. Hakuna ushahidi kwamba mjenzi au mwenye meli alisema maneno hayo. Kilichopo ni kwamba mwaka 1911 jarida moja la mambo ya meli la Uingereza liliandika kuwa ile milango ya kuzuia maji inaifanya meli iwe karibu haizamiki, afu watu wakalidondosha hilo neno "karibu" wakabaki na haizamiki. Na bosi wa kampuni ya White Star pale New York, Philip Franklin, asubuhi ya tarehe 15 Aprili aliwaambia waandishi wa habari kwamba ana imani kamili na meli yake na haiwezi kuzama, wakati huo meli ipo chini tayari toka saa 8:20 usiku.

Aliyeichora, Thomas Andrews, alikuwemo ndani. Ilipogonga saa 5:40 usiku alishuka chini kukagua, akarudi kumwambia Kapteni Smith kwamba inazama, ina saa moja hadi moja na nusu. Ilikaa saa mbili na dakika 40, na yeye hakutoka. Hesabu yake ilikuwa rahisi, meli iligawanywa vyumba 16 vya chini na ingeelea hata vinne vya mbele vikijaa, ila barafu ilifungua zaidi ya vinne, na kuta za hivyo vyumba hazikufika juu kabisa. Pua ikiinama maji yanaruka ukuta yanaingia chumba kinachofuata, kikijaa nacho pua inazidi kuinama. Hapo hata ungeleta pampu zote za dunia ni kujichosha.

Mwana Chikongola:
Ticha ubarikiwe, soda yangu ipo salama. Na la moto?

Kibarua wa Gatini:
Hilo la moto niachieni mimi, maana siku hizi bandarini kwetu kazi ni makaa ya mawe, malori toka Songea usiku na mchana, ukirudi nyumbani hata pua ukipenga inatoka nyeusi.

Watu hawajui kwamba makaa ya mawe yanajiwasha yenyewe. Huhitaji kiberiti. Lundo likikaa muda mrefu, hewa ikawa inapenya ndani kidogo kidogo, linapata joto toka katikati, juu unaona kama makaa ya kawaida tu ila asubuhi kuna kamvuke kanatoka upande mmoja na harufu kama ya mafuta ya taa. Ukiona hivyo usilimwagie maji ukaondoka ukadhani umemaliza, pale inaletwa kijiko, lundo linafumuliwa, lile lenye joto linatolewa linatandazwa pembeni lipoe, lililobaki linashindiliwa hewa isipite. Ukizubaa linawaka kweli.

Sasa Titanic ilitoka Belfast kiwandani na hilo tatizo. Stoo moja ya makaa, upande wa kulia kuelekea mbele, kati ya chumba cha boila namba 6 na namba 5, ilikuwa inaungua ndani kwa ndani. Ikafika Southampton inaungua, ikapakia abiria inaungua, ikaondoka tarehe 10 Aprili inaungua. Abiria hawakuambiwa kitu. Dawa yao ilikuwa hiyo hiyo yetu ila wao hawana kijiko, ni koleo, wanachimba wanatupia kwenye matanuru ya boila mpaka stoo iishe. Msimamizi mmoja wa wachochea moto anaitwa Frederick Barrett alieleza yote haya mbele ya tume ya uchunguzi, kwamba walimaliza kuitoa Jumamosi, na ukuta wa chuma wa ile stoo ulikuwa umeharibika kwa joto. Jumapili usiku ndo ikagonga.

Kwa hiyo moto ulikuwepo, sio stori. Kama ndo ulioizamisha hapo ndo kuna ubishi, wapo wanaosema ulilegeza ukuta ndo maana maji yakapita haraka, lakini wataalamu wengi hawakubali, wanasema kwa jinsi ilivyochanwa ingezama tu. Mimi nakaa na hao wengi.

Na huyo Barrett mcheki vizuri. Wakati inagonga alikuwa kazini chumba namba 6, anaongea na injinia, ubavu wa meli ukafunguka hapo hapo mbele yao maji yakaingia kwa kasi, wakaruka kuingia chumba namba 5 mlango unashuka. Akapona, akatoka na boti namba 13. Watu wanakariri majina ya matajiri wa daraja la kwanza, huyu aliyeona maji ya kwanza kabisa yakiingia hata hawamjui.

Kingine, meli ilikuwa na boila 29, inakula zaidi ya tani 600 za makaa kwa siku. Kwa semi za tani 30 kama hizi zinazoshusha hapa ni semi 20 kila siku, na zote zinapita kwenye koleo mkononi mwa mtu. Majivu yalikuwa karibu tani 100 kwa siku yanatupwa baharini. Na safari yenyewe nusura ikwame kwa kukosa makaa, wachimbaji wa Uingereza walikuwa kwenye mgomo mwanzoni mwa 1912, kampuni ikakwapua makaa kwenye meli zake nyingine zilizokuwa Southampton na abiria wa hizo meli baadhi wakahamishiwa Titanic. Wapo waliopanda Titanic bila hata kuichagua.

Bi Dada Mitwero:
Shikamooni wakubwa zangu. Kaka wa Gatini umenifanya nisome mpaka chai imepoa 😂 Mimi kutoka Lindi nauliza, ni kweli boti za kuokolea zilikuwa chache kwa sababu ya ubahili? Maana ndo tulivyofundishwa.

Nahodha Mstaafu Mikindani:
Marahaba mwanangu. Ubahili si sana, sheria ndiyo ilikuwa imelala. Kanuni za Uingereza za wakati ule zilitungwa miaka ya 1890, zikasema meli ya tani 10,000 na kuendelea ibebe boti 16, basi, ngazi ya mwisho hiyo. Titanic ilikuwa tani 46,000 na ushee lakini kwenye karatasi inahesabika sawa na ya tani 10,000. Wao wakaweka boti 20, kwa hiyo kisheria walizidisha. Boti hizo 20 zingebeba watu 1,178 na melini mlikuwa na watu kama 2,200.

Jambo linaloniuma mimi ni hili, hata hizo zilizokuwepo hazikujazwa. Ile ya kwanza kushushwa, namba 7, ina nafasi 65, iliondoka na watu 28 hivi. Namba 1 yenye nafasi 40 iliondoka na watu 12, na kati ya hao 12 saba ni mabaharia. Watu walikataa kupanda jamani. Meli ina taa, ina joto, muziki unapigwa, nje baridi kali na kiboti kinaning'inia kwenye kamba juu ya giza, wewe ungepanda? Waliona melini ndiyo salama. Na siku ile ile ya Jumapili palikuwa na zoezi la boti limepangwa, likafutwa.

Halafu vijana mnaosema ilijaza, haikujaza. Nafasi zilikuwa zaidi ya 3,000. Sisi tumezoea ajali za kupakia kupita kiasi, Spice Islander ya 2011 ni hivyo, MV Bukoba ya 1996 ni hivyo, meli inalala ubavu watu wanafunikwa. Titanic ilizama bila kulala ubavu, taratibu, pua kwanza, bahari imetulia kabisa. Kutulia huko kulikuwa balaa jingine, maana mwamba wa barafu usiku unaonekana kwa yale mawimbi meupe yanayopiga chini yake, na usiku ule hakuna wimbi wala mwezi.

Bi Dada Mitwero:
Asante sana babu. Saba mabaharia kati ya 12 🤦🏾‍♀️

Mzalendo wa Gesi:
Wakuu nyie hamjaona, meli inazama na umeme upo! Nimesoma mainjinia walibaki chini wanahangaika na mashine taa zisizime, zikawaka mpaka dakika za mwisho kabisa, na hakuna injinia hata mmoja aliyepona. Sisi tupo nchi kavu, gesi inatoka Msimbati hapo, na tumewahi kukaa na vibatari wiki nzima. Naishia hapo nisije nikafungiwa.

Mwana Chikongola:
😂😂😂 Usituharibie uzi. Wa bima yuko wapi? Yule jamaa wa kijiweni anasoma hapa kimya kimya.

Mti Mkavu:
Nipo. Mimi nasimamia ninachokijua, iliyozama sio Titanic, ni pacha wake Olympic. Olympic iligongana na meli ya kivita 1911 ikaharibika, bima ikagoma, wakabadilisha majina usiku wakaenda kuizamisha wale bima. Matajiri hawana huruma nyie.

Ticha Ligula:
Ndugu yangu Mti Mkavu, Olympic kugongana ni kweli, ni na HMS Hawke, Septemba 1911. Ila kule kiwandani Harland and Wolff kila meli ina namba yake, Olympic 400 Titanic 401, na kwenye mabaki kule chini imeonekana 401 imechongwa kwenye pangaboi. Afu bima yenyewe, meli iligharimu pauni milioni moja na nusu, bima ni milioni moja. Unachoma duka la milioni 15 ulipwe 10? Hiyo biashara hata Mchaga haifanyi.

Mti Mkavu:
Pangaboi linahamishika.

Ticha Ligula:
Haya bwana.

Mama Korosho:
Mimi wa kwangu ni Violet Jessop, mhudumu wa melini. Alikuwemo kwenye Olympic siku iliyogongana na hiyo meli ya kivita, akahamia Titanic, ikazama akapona. Vita ikaja akawa nesi kwenye Britannic, pacha wa tatu, 1916 karibu na Ugiriki ikapigwa na bomu la kutegwa majini, ikazama kwa chini ya saa moja, akapona tena japo aliumia kichwa. Na bado akarudi kufanya kazi melini! Alifariki 1971 kwa uzee wake nchi kavu. Mimi pantoni ya kwenda Msangamkuu tu likipiga wimbi moja nishasoma dua zote.

Na bafu jamani. Daraja la tatu watu zaidi ya 700 bafu mbili, moja ya wanaume moja ya wanawake. Huko juu wenzao wana bwawa la kuogelea la maji ya moto.

Chuno Boy:
Kuna mweusi alikuwemo? Filamu ile sikuona hata mmoja.

Ticha Ligula:
Alikuwemo, Joseph Laroche, wa Haiti, injinia. Alisomea Ufaransa akaoa huko, mke Mfaransa anaitwa Juliette, watoto wawili wa kike na wa tatu tumboni. Kazi ya hadhi yake Ufaransa alikuwa hapati, rangi, akiipata analipwa kiduchu, ndo akaamua kurudi kwao ambako mjomba wake Cincinnatus Leconte alikuwa ndo rais. Tiketi zao za kwanza zilikuwa za meli nyingine ya Kifaransa, ila hiyo ilikuwa na sheria watoto hawali meza moja na wazazi, wao wakakataa, wakabadilisha wakapata Titanic daraja la pili, wakapandia Cherbourg. Mke na watoto walipanda boti wakapona, yeye hakupona na mwili wake haukupatikana. Mtoto wa kiume alizaliwa Desemba ile ile wakampa jina la baba yake. Yule binti mdogo, Louise, aliishi mpaka 1998.

Yani huyu mtu peke yake ni filamu nzima, sijui kwanini wanarudia rudia kuchora mapenzi ya kwenye reli ya meli.

Kibarua wa Gatini:
Ticha umenikumbusha hiyo filamu. Kule Halifax Kanada, makaburi ya Fairview, kuna jiwe limeandikwa J. Dawson. Watalii wanaenda kuweka maua wakidhani ni yule Jack Dawson wa filamu. Ni Joseph Dawson, Mwairishi, mbeba makaa. Kazi yake kusukuma toroli kutoa makaa stoo kupeleka kwa wachochea moto na kuyasawazisha ili meli isiegemee upande. Mwenzetu kabisa. Maua anayapata kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuwepo, lakini si haba.

Na mishahara yao ilikatwa saa ile ile meli ilipozama. Meli haipo, kazi haipo. Wanamuziki nao, wale wanane waliopiga mpaka mwisho, waliajiriwa na wakala, na huyo wakala akamwandikia baba wa mpiga fidla mmoja, Jock Hume, barua ya kumdai hela ya sare ya marehemu. Southampton peke yake, mji wa bandari kama sisi, ilipoteza zaidi ya watu 500, karibu wote wafanyakazi wa meli.

Chuno Boy:
Hela ya sare!!! Hawa watu.

Fundi Simu Magomeni:
Kwenye redio mmeruka. Wale vijana wawili wa redio, Jack Phillips na Harold Bride, hawakuwa waajiriwa wa kampuni ya meli, ni wa kampuni ya Marconi, na kazi iliyoingiza hela ni kutuma salamu za matajiri. Ujumbe wa tahadhari ya barafu uliingia mara kadhaa siku ile, mwingine ukafika kwa kapteni, mwingine ukabaki mezani. Usiku kama saa tano meli jirani, Californian, ambayo yenyewe ilishasimama kwa sababu ya barafu, ikatuma ikasema tumezungukwa na barafu. Phillips ana rundo la meseji za abiria, na kwa vile ile meli iko karibu mlio ulimpigia masikioni kwa nguvu, akamjibu kwa ukali akae kimya yuko bize. Jamaa wa Californian akasikiliza kidogo, akazima mashine kama saa tano na nusu usiku, akalala. Ni operata mmoja tu, hana wa kumpokea. Dakika kumi baadaye Titanic ikagonga.

Mabaharia wa Californian waliona fataki nyeupe zinapigwa angani, wakamwambia kapteni wao, na hakuna aliyeenda kumuamsha yule wa redio mpaka alfajiri. Aliyesikia na kuwahi kufika ni meli ya Carpathia, maili 58 huko, akaja mbio usiku katikati ya barafu akafika kama saa 10 alfajiri akaokota watu 700 na kitu. Baada ya hapo ndo sheria zikaja, redio isikilizwe saa 24, boti zitoshe kila mtu melini, na doria ya barafu ambayo ipo mpaka leo.

Nahodha Mstaafu Mikindani:
Mkimaliza hiyo ya Wazungu mkumbuke na yetu. Liemba ya Kigoma ilijengwa Ujerumani 1913, mwaka mmoja tu baada ya Titanic, ikafunguliwa ikaletwa vipande vipande kwenye makasha, ikaungwa Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 Waingereza wasiipate, wakaipaka grisi mashine kwanza, ikaja kuibuliwa 1924, na ikabeba watu Ziwa Tanganyika miaka na miaka. Na hapo Rufiji kuna Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ilizama 1915.

Mwana Chikongola:
Nahodha hiyo tutafungulia uzi wake, shikamoo. Swali la mwisho kutoka kwa dogo wa kijiweni anayenunua vyuma chakavu, anauliza kile chuma chote kimekaa tu?

Ticha Ligula:
Mwambie kipo mita 3,800 chini, vipande viwili. Kiligunduliwa Septemba 1985 na Robert Ballard na Mfaransa Jean-Louis Michel, na Ballard fedha alipewa na jeshi la majini la Marekani kwa kazi ya siri ya kuchunguza nyambizi mbili za nyuklia zilizozama, Titanic akapewa siku zilizobaki. Wanunuzi wenzake wameshatangulia, kuna bakteria wanakula kile chuma, wakapewa jina Halomonas titanicae. Na wale watano wa nyambizi ya Titan Juni 2023 walienda kutazama tu, hawakurudi.

Akitaka skrepa angewahi Olympic, ilifanya kazi mpaka 1935 ikauzwa ikakatwa. Mbao zake za ukutani zipo hotelini White Swan, mji wa Alnwick Uingereza, watu wanakula chakula humo.

Mti Mkavu:
Hizo ndo mbao za Titanic sasa.